Wazamivu Wasio na Kamba

Kwa: Hazina ya Taifa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Nairobi

KUH: PONGEZI KWA KUGUNDUA ELIMU ISIYO NA GHARAMA

Waheshimiwa,

Pongezi hizi zimechelewa kwa zaidi ya muongo mmoja, na kwa hilo msamaha unaombwa. Mwaka 2014 Tume, ambayo ni chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ili kusimamia ubora wa elimu ya juu nchini Kenya, ilitoa mwongozo uliomtaka kila mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, yaani shahada ya juu kabisa ambayo hutunukiwa kwa utafiti, na wale waliokuwa na shahada ya uzamili pekee wakapewa miaka 5 waipate au waage ukumbi wa mihadhara. Agizo hilo halikuandamana na fungu la fedha lenye kulingana nalo, na hapo ndipo hekima ya mamlaka ilipojidhihirisha, kwa kuwa tangu wakati huo nchi imekuwa ikidai elimu ya bei ghali kabisa bila kuingia dukani.

Jina la shahada yenyewe lilichaguliwa vizuri kuliko waliolichagua walivyokusudia. Uzamivu hutokana na kitenzi "zama", na mzamivu ni mtu anayeshuka kwenye vina ambavyo wengine hawavifikii. Katika Ghuba ya Uajemi, kabla lulu za kufugwa kutoka Japani hazijaiharibu biashara hiyo katika karne ya 20, mzamiaji alishuka akiwa na kamba ambayo mwenzake aliishika chomboni ili amvute pumzi zikimwishia, na nahodha, ambaye hakusifika kwa huruma, alimkopesha fedha za kuiachia familia kabla ya msimu kuanza. Mfumo huo ulijaa madeni na dhuluma, lakini hata ndani ya dhuluma hiyo ilieleweka kuwa anayeitaka lulu hakosi kuitafuta kamba. Tume na Hazina zimeuvuka ufahamu huo wa kikale: ya kwanza huamuru watu wazame, ya pili ikiulizwa habari za kamba huwaelekeza kwenye baraza la chuo, na baraza la chuo huonyesha kwa unyenyekevu orodha ya makato ya pensheni ambayo bado halijayawasilisha.

Isidhaniwe kwamba kamba haipo. Ipo, tena ni ndefu, ila imefungwa ndani ya karatasi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, na mfuko huo haujawahi kuikaribia asilimia hiyo. Inapendekezwa sheria hiyo ichapishwe upya kwenye turubai badala ya karatasi, ili itakapokosa kutekelezwa walau iweze kusokotwa. Kwa sasa pengo huzibwa na wageni, kwa kuwa shirika la DAAD la Ujerumani hugharimia baadhi ya masomo ya uzamivu, na muungano wa CARTA, unaoongozwa kwa pamoja na kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, umewasomesha watumishi wa vyuo vya Afrika kwa fedha ambazo nyingi zimetoka ng'ambo, zikiwemo za Uswidi. Hivyo nchi iliyojiamulia kiwango cha wahadhiri wake imewaachia walipa kodi wa Uswidi na Ujerumani waamue ni wangapi watakaokifikia.

Asiyempata mfadhili huenda kwenye sacco, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, na huko huanza kuzama kwa maana ya pili. Ili alipe mkopo hufundisha jioni katika chuo kingine, na tasnifu yake huandikwa usiku wa manane na mtu aliyekwisha kuchoka. Akihitimu, kupanda cheo hutegemea machapisho, na majarida mengi ya kimataifa yanayosomwa bila malipo humtoza mwandishi zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja. Kwa kulinganisha, sheria ya mafunzo ya viwandani humtaka mwajiri atoe tozo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na iwapo kiwango hicho kingetumika kulipia makala moja tu, mhadhiri angengoja zaidi ya miaka 200, muda ambao bila shaka ungemkuta amestaafu. Fundi wa maabara na mkutubi hawana hata amri hiyo ya kulalamikia, kwa kuwa ilimhusu mhadhiri, ingawa darubini mpya ikifika ni wao wanaotazamiwa kuifahamu kwa kuiangalia.

Yapo, hata hivyo, matumaini. Mwaka 2025 watumishi wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49, na madai makuu ya wahadhiri yalikuwa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya mwaka 2017 hadi 2021. Ikiwa mshahara uliokwisha kutiwa saini huhitaji muda huo, fedha za mafunzo, ambazo hazijatiwa saini na mtu yeyote, zinaweza kutarajiwa na wajukuu.

Kwa heshima, maombi ni mawili. La kwanza ni kwamba kila mwongozo unaopandisha kiwango cha elimu ya watumishi uwe na ukurasa wa gharama, wenye jina la ofisi itakayolipa, na fungu hilo lilindwe lisihamishiwe kwenye warsha za hotelini mjini Naivasha. La pili ni la akiba: endapo la kwanza litakuwa zito, Tume inaombwa iibadilishe shahada jina, kwa kuwa anayeshuka bila kamba hastahili kuitwa mzamivu, na Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni uzamaji.

Wenye kutii,
Watumishi wa vyuo vikuu vya umma

Nakala: Afisa wa mikopo, sacco