Namna ya Kuziwahi Fedha za Mtaro Kabla Maji Hayajawahi Sebuleni

Ndugu mkazi wa Mbalizi, acha kwanza kulia Machi. Machi makadirio yameshafungwa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na madiwani huyapitisha makadirio ya halmashauri mapema mwaka, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinapamba moto. Anayetaka mtaro aanze kuusemea Agosti, vumbi likiwa limejaa masikioni na kila mtu amesahau nani alibeba godoro kichwani Januari.

Kisha ujue mtaro ni wa nani, maana wengi wetu tunamaliza soli za viatu kwenye milango isiyohusika. Mtaro wa barabara kuu ya Zambia ni wa TANROADS. Mitaro ya barabara za ndani iko chini ya TARURA, wakala ulioanza 2017. Mto una wenyewe, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, na ofisi yao iko hapo Mbeya. Taka zilizouziba mtaro ni zetu, tusimtafute mwingine.

Kuna jambo linalotuumiza zaidi ya matope. Mbalizi ni mji mdogo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umelenga miji 45, na jirani yetu Jiji la Mbeya limo, sisi hatumo. Sisi ombi letu linapanda kutoka kitongojini hadi mamlaka ya mji mdogo, ndipo liende wilayani kugombea shilingi na zahanati, madarasa na madaraja ya vijiji. Ombi jepesi halifiki. Kwa hiyo lipe uzito.

Mvua ikikatika, toka na futi na kipande cha mkaa. Chora mstari ukutani pale maji yalipofika, andika tarehe, piga picha. Nenda kwenye mdomo wa kalvati, uangalie kilichouziba: chupa za maji, viroba, maganda ya ndizi, nguo kuukuu. Pima upana wa mdomo na kina cha tope. Hesabu nyumba zilizoingiliwa. Mhandisi akikuta karatasi yenye vipimo hivyo ana pa kuanzia. Akikuta barua inayosema tu "tunateseka sana" atakuonea huruma, na huruma haina kasma.

Barabara ya njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi, kilometa 29, inapita kwetu. Lami pana hainywi maji, inayasukuma. Kila kalvati linalolazwa, uliza maji yake yanamwagwa kwa nani. Ukiuliza kabla zege halijakauka, jibu ni rahisi kurekebisha.

Usiombe mtaro peke yake, omba na maji yanayopita ndani yake yapimwe. Mtaro unaobeba oili ya gereji za malori na kinyesi unahamisha tu ugonjwa kwa watu wa chini, kwa sababu maji ya upande wetu huteremkia Mto Songwe hadi Ziwa Rukwa. Anayetapisha choo usiku wa mvua, asubuhi akadai maji safi, anawanyima jirani zake haki anayoidai yeye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mpango utakaopeleka mitaro mtoni bila kuheshimu mita hizo, ukataeni, hata kama fedha zake ziko tayari.

Mwenyekiti wa kitongoji akiitisha mkutano, nenda na vipimo vyako. Vijana nao waje, wasiwaachie wazee. Na usinyanyuke kwenye benchi mpaka usikie muhtasari ukisomwa na mtaro wenu umo, kwa jina la mahali na urefu wake kwa mita.