Mkija Wawi, Fuateni Harufu
Barua ya wazi kwa wakubwa wanaotunga, wanaosahihisha na wanaotangaza mitihani

Wakubwa zetu,

Nakuandikieni kutoka Wawi, Chake Chake, Pemba. Mkiamua kuja kutukagua hamtapata tabu, kwani kiwanja cha ndege tunacho hapahapa. Mkishateremka, fuateni harufu. Ile inayowapiga puani ni ya Kiwanda cha Makonyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza nakupongezeni kwa jedwali lenu la matokeo. Sijaona kazi safi kama ile: wanaume, wanawake, jumla, waliofanya, waliofaulu, waliofeli. Watoto wetu wanaingia skuli na vumbi la njiani, kamasi na maswali mengi, mkishamaliza kuwashughulikia wanatoka tarakimu zilizopigwa pasi.

Sasa turudi kwenye makonyo. Kwa asiyejua, makonyo ni vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua. Pengine pote vingekuwa taka. Huku Shirika la Biashara la Taifa linavinunua, vinatiwa kwenye tangi, mvuke unapitishwa, ukipoa yanapatikana mafuta. Na mafuta yenyewe ni ya ajabu: ya nazi huelea juu ya maji, haya huzama chini. Hayo sikuyasoma popote, nimeelezwa na mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili, siku tuliyokaa barazani akinifahamisha kwa mikono na midomo mpaka chai ikapoa.

Kijana huyohuyo alipoulizwa kwenye karatasi ya sayansi namna ya kutenga vimiminika kwa mvuke, aliacha mahali peupe. Swali lilikuwa la Kiingereza. Jibu lilikuwa uani kwao, linanuka mpaka chumbani, lakini halikuwa na pasipoti.

Hesabu nazo alipata alama za kuonewa huruma. Huyu ndiye mtoto ambaye msimu ukifika analipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Akichuma pishi sita na kibaba kimoja, anajua anadai kiasi gani kabla mwenye shamba hajamaliza kukohoa. Mkataba huo wa shambani hauna neno hata moja la kigeni, labda ndiyo maana hajawahi kudhulumiwa.

Msidhani mtoto wa Kipemba anaogopa lugha. Nyumbani anasema Kipemba, ambacho nyinyi mkikisikia mnacheka. Skuli anafundishwa Kiswahili sanifu, ambacho kilitokana na lugha ya Unguja mjini, basi hapo tayari kesha kuvuka bahari mara moja. Mchana anakwenda chuo cha Kurani, anasoma Kiarabu kwa tajwidi. Halafu mnamkuta na Kiingereza cha kufahamia elektroni. Kukisoma Kiingereza kama somo sina ugomvi nako, na kisomwe sana. Ninachouliza ni kwa nini kigeuzwe mlango wa kila chumba, hata cha jikoni.

Na walimu wetu, Mungu awape subira. Mwalimu husoma sentensi kwa Kiingereza, kisha hutazama dirishani, kisha huieleza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Kiswahili darasani kimekuwa kama karafuu ya magendo: kila mtu anayo, hakuna anayekiri.

Jambo la hesabu ya watu nalo limefanywa vizuri, ingawa nusunusu. Pemba tulikuwa karibu 407,000 katika sensa ya 2012. Ya 2022 imetukuta zaidi ya 540,000. Ndiyo maana skuli nyingine zinaingia kwa zamu, asubuhi na mchana, kama mashua ya kupokezana makasia. Na katika madarasa ya sekondari ya Zanzibar wasichana ni wengi kuliko wavulana. Jedwali limeliona hilo, likaandika namba, likanyamaza. Halikuuliza wavulana wamepotelea wapi. Ningewajibu bila ya posho: wa kwanza yuko juu ya mkarafuu, wa pili yuko baharini, wa tatu kapanda meli kwenda kuuza viatu Dar es Salaam. Na kila mmoja anaendesha biashara yake kwa lugha anayoifahamu.

Mkitaka kujua haya tunayoyasema ni ya kweli, nina pendekezo dogo. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema Kiswahili ndiyo lugha rasmi, na tunalo Baraza la Kiswahili la kukilinda. Basi kwa mwaka mmoja tu, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wajadili bajeti kwa Kiingereza, bila ya mkalimani. Mwisho wa mwaka tubandike matokeo Gombani, penye kiwanja cha mpira: wanaume, wanawake, jumla.

Na mkiona aibu ni kubwa, dawa mnaijua. Mtihani wa kidato cha nne wa 2012, unaofanywa na watoto wa Bara na wetu pamoja, ulitoa sifuri kwa watahiniwa sita kati ya kila kumi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Vijana walilala wamefeli wakaamka wamefaulu, na baina ya usiku na asubuhi hapana aliyefungua daftari. Huku Wawi, ambako kila mtu kasimama mbele ya mzani wa karafuu, tulifahamu mara moja kulikofanyiwa matengenezo.

Ombi langu ni safu moja tu kwenye lile jedwali, baina ya waliofanya na waliofaulu: waliolifahamu swali. Kama karatasi haina nafasi, futeni ile ya jumla. Kujumlisha tunajua.

Mtoto wa dada yangu kaambiwa arudie mwaka. Msimu wa karafuu ukianza mtamkuta juu ya mti. Mkija na fomu zenu, muiteni kwa Kiswahili, atashuka.