Pazia la Jicho

Magomeni, Dar es Salaam, saa nane usiku. Mhasibu mwenye umri wa miaka 39 amelala chali, mdomo wazi, feni inamzungukia. Kwenye stuli iliyo kando ya kitanda wamepangana Miwani, Kisanduku cha lenzi za macho, Pochi, na Simu iliyo kwenye chaja. Ukutani, pembeni ya taa, Mjusi Kafiri amebandika tumbo. Asubuhi saa tatu mhasibu ana miadi ya kwenda kupimwa kama macho yake yanafaa kufanyiwa upasuaji wa leza.

SIMU: Oyaa, mmelala? Kengele nimetega tatu. Leo ndiyo leo.

MIWANI: Anayesubiri barua ya kufukuzwa kazi hulala?

KISANDUKU: Afadhali wewe unasubiri. Mimi wiki ya pili hii sijaonja tone la dawa. Walimwambia avue lenzi siku kadhaa kabla ya kupimwa, eti konea irudi kwenye umbo lake. Basi nimeachishwa kazi hivihivi, hata kwaheri sikupewa.

MIWANI: Wewe ulikuwa kibarua, mwenzangu. Wa harusi na picha za pasipoti. Ukoo wetu sisi umekalia pua hii tangu yuko kidato cha pili. Babu yangu alikanyagwa kwenye daladala la Mbagala. Baba alizama Coco Beach, mpaka leo hatujapata maiti. Mimi mwenyewe mkono huu wa kushoto umegandishwa kwa gundi, na kila siku nafutwa kwa pindo la shati lenye jasho. Niliwahi kulalamika?

POCHI: Unalalamika sasa.

SIMU: Lawama zenu nileteeni mimi. Siku moja tu aliniuliza namna ya kuondoa ukungu kwenye miwani mtu anapokunywa chai. Tangu siku hiyo namlisha matangazo ya leza kutwa mara tatu, kabla na baada ya chakula. Wiki ya tatu akaanza kusema wazo ni lake.

POCHI: Na bei umemwonyesha ipi?

SIMU: Ile ya kwenye tangazo. “Kuanzia.”

POCHI: Kuanzia! Umeisoma mpaka chini? Ile ni ya jicho moja.

SIMU: Maandishi yalikuwa madogo.

POCHI: Kwani yuko mtu anayekwenda pale na jicho moja, lingine ameliacha nyumbani linalinda watoto? Na bima ya ofisini imeshakataa. Wamemwandikia kwamba huo ni urembo, wakauweka fungu moja na kung’arisha meno.

(Ukutani panasikika: tk-tk-tk.)

KISANDUKU: Shikamoo Mzee Mjusi. Kumbe uko macho.

MJUSI: Marahaba. Mimi niko macho siku zote, sina kope za kufumba. Na jina langu ni Mjusi. Hilo la ukafiri nilibandikwa kwa kesi ya zamani ya moto wa Nabii Ibrahimu, na mimi wakati huo sijazaliwa. Endeleeni. Nataka kujua, huo upasuaji wanapasua nini hasa?

SIMU: (anajikohoza) Mzee, ni sayansi safi. Mwaka 1981, Marekani, wanasayansi watatu wa IBM wana leza mpya ya eksima, mwali wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Wanatafuta kitu cha kujaribia. Mmoja wao, Srinivasan, nyumbani kwake kulikuwa na sikukuu ya Shukrani. Kesho yake, tarehe 27 Novemba, akaja maabara na mabaki ya bata mzinga.

MJUSI: Bata mzinga wa kuokwa?

SIMU: Wa kuokwa. Wakampiga leza. Leza nyingine iliacha kingo zimeungua, hii ikakata safi kama wembe, pembeni hapakuguswa. Miaka miwili baadaye daktari wa macho wa New York, Trokel, akaona hapo pana jicho. Mwaka 1995 Marekani wakairuhusu rasmi kwa macho ya watu.

MJUSI: Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza alifika akiwa ameshaiva. Ndiyo maana hakulalamika.

MIWANI: Muulize sasa kwa mtu hai inakuwaje. Muulize!

SIMU: Mtu hai anatiwa matone ya ganzi, yuko macho, anaambiwa atazame kitaa. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakatwa juujuu, kipande chembamba cha duara kinachobaki kimeshikilia upande mmoja. Kinafunuliwa. Leza inachonga chini yake, kila pigo linaondoa kama robo ya maikroni. Halafu kipande kinarudishwa mahali pake, kinashika chenyewe bila uzi. Leza yenyewe kwa jicho moja mara nyingi haifiki hata dakika.

MJUSI: Kinafunuliwa, kinafunikwa. Hilo kwetu tunaliita pazia.

SIMU: Kama pazia, ndiyo.

MJUSI: Nimeishi kwenye kuta za mji huu, nimewasikia akina mama wakisemana barazani: macho hayana pazia. Kumbe wametafuta fundi akalitia! Na linaota tena kabisa, liwe kama zamani?

SIMU: Linashika vizuri… ila halirudi kuwa imara kama kabla ya kukatwa. Ndiyo maana mabondia na wanajeshi wengine hushauriwa njia ya zamani isiyo na pazia, inayouma zaidi siku za mwanzo. Na iko nyingine mpya, wanachomoa kijinyama kupitia tundu la milimita chache.

POCHI: Ngojeni, hapa pana hesabu, na hesabu ndiyo kazi ya mwenye nyumba. Konea ina unene gani?

SIMU: Wastani ni maikroni 540 hivi. Nusu milimita na kidogo.

POCHI: Toa pazia.

SIMU: Tuseme 110.

POCHI: Imebaki 430. Macho yake ni dayopta hasi tano na nusu. Kila dayopta moja inakula ngapi?

SIMU: Kumi na mbili mpaka kumi na tano, inategemea upana wa mahali panapochongwa.

POCHI: Weka 80, nisije nikaambiwa nimepunja. Imebaki 350. Na salio la chini linaloruhusiwa?

SIMU: Wengi wanasema lisipungue 250.

POCHI: Basi anapita. Lakini muielewe akaunti yenyewe. Hii ni akaunti ya kutoa tu. Hakuna mwisho wa mwezi, hakuna kuweka, hakuna mkopo. Mara mbili tatu za kwenda kurekebisha, umegonga sakafu.

KISANDUKU: Mbona mnamtisha? Mimi nimeishi na lenzi, nazijua. Ni usiku ngapi amelala nazo machoni? Mara ngapi amenisuuza kwa maji ya bomba, dawa imeisha na mshahara haujatoka? Hayo maji yana vijidudu vinavyoweza kula konea yenyewe. Mtu anaogopa leza ya sekunde chache, lakini kidole kilichotoka kumenya embe anakitia jichoni kila asubuhi.

MIWANI: Leo umesema kweli. Ingawa imechelewa.

SIMU: Na waliofanyiwa, zaidi ya asilimia 90 wanasema wameridhika. Hiyo imepimwa, si tangazo. Yule mwenzake wa ofisini je? Wa kitengo cha manunuzi?

MIWANI: Yule! Tangu arudi amekuwa redio. Akipanda gari anasoma kila bango kwa sauti. “Pancha hapa! Usikojoe hapa, faini elfu hamsini! Mungu Mkubwa Saluni!” Watu wanamwambia kaka, na sisi tunaona.

POCHI: Lakini usiku haendeshi.

SIMU: Anaendesha. Anasema tu taa za magari ya mbele zina nywele.

MJUSI: Zina nini?

SIMU: Nywele. Miali inayochanua, na duara kama taji kuzunguka taa. Kwa wengi inapungua baada ya miezi. Kwa wachache inabaki.

MJUSI: Na kile kichupa anachodondosha machoni kila baada ya muda, nimekiona alipokuja hapa Idi?

SIMU: Machozi ya dukani. Kukata konea ni kukata na mishipa ya fahamu iliyomo, jicho linasahau kuomba maji. Nayo kwa wengi hurejea.

MJUSI: Ukavu huo naujua mimi. Jicho langu limefunikwa na gamba angavu, nimezaliwa nalo, miwani ya Mungu. Halina kope za kulipangusa, basi nalipangusa kwa ulimi. (Anatoa ulimi, analamba jicho la kulia.) Kila nikijivua ngozi, gamba nalo linatoka, naota jipya. Sijawahi kudaiwa shilingi. Na jamaa zangu wengine wamepimwa kwenye maabara wakakutwa wanaona rangi chini ya mwanga hafifu wa mbalamwezi, wakati nyie na bwana wenu mnaona kijivu kitupu.

POCHI: Mzee, tusitukanane.

MIWANI: Mimi nina swali moja tu, na silisemi kwa sababu ya kazi yangu.

POCHI: (kwa kunong’ona) Ni kwa sababu ya kazi yake.

MIWANI: Huyu mwakani anatimiza arobaini. Leza inachonga kioo cha mbele. Lenzi ya ndani haiguswi, na hiyo ndiyo inayokakamaa na umri. Leo akitaka kusoma maandishi ya mkataba ananivua tu, analeta karatasi puani, anasoma hata nukta. Mkurugenzi wake mwenye macho mazuri ananyoosha mkono mpaka ukutani na hasomi. Akishanyooshewa macho ya mbali, huo ujanja umekwisha. Miaka michache tu atakuwa Kariakoo anatafuta miwani ya kusomea!

SIMU: Ipo dawa. Jicho moja wanalirekebisha kwa mbali, lingine wanaliacha kwa karibu.

POCHI: Yaani alipie macho mawili, kila moja lifanye kazi nusu siku?

MIWANI: (kwa furaha isiyofichika) Kwa hiyo ukoo wetu hautoki. Tunahama kutoka puani tunakwenda ncha ya pua. Na hata mtoto wa jicho akija uzeeni atakuja palepale, tena mafundi watapata tabu zaidi kukokotoa lenzi ya kumwekea, kwa sababu jicho limeshachongwa. Atakapokwenda, akumbuke kuondoka na karatasi za vipimo vya sasa.

KISANDUKU: Sasa mnasema aende au asiende?

SIMU: Aende.

MIWANI: Asiende.

POCHI: Aende baada ya mwezi wa saba.

KISANDUKU: Mimi nasema arudi kwangu, lakini anawe mikono.

MJUSI: Nimewasikiliza. Kila mmoja anaangalia tumbo lake. Huyu anataka kubofywa, yule anataka pua, huyu anaogopa kukonda. Kuna jambo moja nyote mnalala nalo chumba kimoja na hakuna aliyelitaja.

SIMU: Lipi?

MJUSI: Simu, asubuhi wanampima kwa kifaa gani, kabla ya hiyo leza?

SIMU: Mashine ya kuchora ramani ya konea. Inatoa rangi, buluu palipo bapa, nyekundu palipochongoka.

MJUSI: Palipochongoka kwa sababu gani?

SIMU: (anatafuta, mwanga unawaka usoni kwake) Ipo hali… konea inalegea, inakuwa nyembamba, inasukumwa mbele kama koni. Mwenye nayo hachongwi, ukimchonga inalegea zaidi. Huonekana zaidi kwa… watu wenye mzio wa macho. Wanaosugua macho.

(Kimya. Feni.)

MIWANI: Utotoni kwao kulikuwa na vumbi sana. Babu yangu alinihadithia.

POCHI: Lakini namba zake zimetulia. Mwaka wa pili huu hazijasogea.

SIMU: Hiyo ni dalili njema. Haitoshi.

KISANDUKU: Na ramani ikiwa mbaya, watamrudisha kweli? Na pesa ziko mfukoni?

MJUSI: Inategemea ameingia mlango upi. Ziko kliniki zinawarudisha watu nyumbani kila wiki, macho yao na pesa zao. Na ziko ambazo hazijawahi kukutana na mtu asiyefaa.

POCHI: Hii ya kwenye tangazo iko fungu gani?

SIMU: (anapunguza mwanga) Inatoa punguzo ukimleta rafiki.

(Kimya kirefu. Saa zinapita. Adhana ya alfajiri inasikika kwa mbali, kisha ya karibu. Kengele ya kwanza inalia. Mhasibu anaizima bila kufumbua macho. Ya pili. Anaketi kitandani, anakunja ngumi zote mbili, anazitia machoni na kuanza kusugua: kwa duara, kwa nguvu, kwa raha, muda mrefu.)

SIMU: Anafanya hivi kila siku?

KISANDUKU: Kila siku.

MIWANI: Mimi huwa nasubiri amalize.

(Mhasibu anapapasa stuli. Anamwangusha Kisanduku, anamshika Pochi, anamwacha.)

MHASIBU: Jamani, miwani yangu nimeiweka wapi?

MIWANI: Niko hapa, kijana. Kidogo kushoto.