Picha ya 21: Barua ya Wazi kwa Dirisha la Viza za Ndoa

Kinanira, Bujumbura

Mheshimiwa Dirisha,

YAH: MKE WA MTU KUKAA KWA BABA YAKE

Mimi ni baba mkubwa wa bibi harusi. Nchi yako sitaitaja, wala ofisi yako. Usidhani ni adabu, ni woga. Jalada la mtoto wetu liko mezani kwako, na umri niliofikia umenifundisha kwamba jalada huweza kuanguka nyuma ya kabati bila mkono wa mtu kuligusa. Nakuita Dirisha kwa sababu hicho ndicho kipande pekee cha ofisi yako ambacho ukoo wetu umewahi kukiona: kioo, tundu la kupitishia karatasi, na sauti inayosema "anayefuata".

Barua yako tumeipata. Tuliisoma mara tatu: kwa Kifaransa kama ulivyoiandika, kwa Kirundi ili bibi mzee aelewe, na kwa Kiswahili ili jirani aliyekuwa amesimama upande wa pili wa ukuta asipate tabu. Unasema hujaridhika kwamba ndoa hii ni ya kweli. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo asiyeridhika, alialikwa?"

Sikuwa na jibu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza utambue kwamba mimi na wewe ni watu wa kazi moja. Mimi pia nina dirisha. Liko kwenye kibaraza changu, ukipanda kutoka Kinindo kabla hujafika Musaga, na ukikaa hapo jioni unaiona Tanganyika yote hadi milima ya Kongo. Mkwe wetu, raia wako, alifika mbele ya dirisha hilo kuomba ruhusa ya kuingia katika familia. Kwa Kirundi hatua hiyo inaitwa gufata irembo, kushika lango. Alikuja na watu sita: wenzake wanne wa kazini, mwenye nyumba wake, na mzee mmoja wa Musaga aliyeombwa awe msemaji, kwa kuwa mtu aliyejifunza Kirundi miezi minane hawezi kuachiwa mazungumzo ya ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe, nikueleze, hawapo. Siku hizi mahari hupita ndani ya bahasha. Lakini bahasha ile huitwa ng'ombe tangu mwanzo hadi mwisho. Tunauliza imetoka malisho gani, kama ina afya, kama haikuchoka njiani, na msemaji wa upande wa pili anajibu bila kucheka. Akicheka, tunaanza upya.

Halafu yakaja maswali. Hatukuuliza mshahara kwanza. Tuliuliza kama ameacha mke mahali. Tuliuliza binti yetu akishikwa na homa usiku huko kwenye baridi, nani atakuwa chumbani. Shangazi yake, ambaye ndiye idara yetu ya upelelezi, aliuliza: "Mama yako akikasirika hufanyaje?" Kijana akafikiri, akasema mama yake hunyamaza siku mbili, kisha anaoka keki. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Ni mama yangu mimi kabisa, ukiondoa keki.

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo, kabla bia za Primus hazijapoteza ubaridi. Usidhani ni haraka ya watu wasiojua kazi. Dirisha langu lina kitu ambacho lako halina. Ndoa hii ikiharibika, lango litakalogongwa saa nane za usiku ni langu. Nitakayeketi kitako kupatanisha ni mimi, na nikishindwa, bahasha iliyoitwa ng'ombe nitaulizwa mimi ilikokwenda. Wewe ukikosea, ukawatenganisha watu waliopendana kweli, nani anakugongea?

Tuje kwenye ushahidi ulioudai. Picha zisizozidi 20, na mazungumzo ya simu kurasa 10.

Mheshimiwa, harusi ya Kirundi ina watu zaidi ya 20 kwenye foleni ya choo peke yake. Ilibidi tuketi kama kamati kuamua nani aondolewe katika historia. Binamu zake wa Gitega hawajatusemesha hadi leo, kwa sababu picha yao ilikuwa ya 23. Na kwa kuwa ulihoji picha ya 7, ambapo shangazi anaonekana peku, viatu mkononi, kana kwamba amekodishwa barabarani dakika tano kabla: petroli ilikuwa haipatikani wiki hizo. Hata gari la bibi harusi lililala foleni siku mbili. Wageni walikipanda kilima kwa miguu, na viatu vile ni vya kuazima, mwenye viatu alikuwa anavihesabia hatua. Mtu anayefanya ndoa ya uongo hupanga angalau viatu.

Kurasa 10 za mazungumzo tulikuletea vilevile. Nasikia karani wako alizipekua akitafuta "nakupenda" na hakuiona. Ni kweli haimo. Kuna "Umekula?" mara 41, nilizihesabu mwenyewe. Kuna "Umeme umerudi?" na jibu "bado". Kuna ukurasa mzima wanabishana kama dagaa wa ziwani huitwa ndagala au jina lingine analoling'ang'ania mkwe. Nimeoa mwaka wa 34 huu; ukizichapa simu zangu na mke wangu utakuta gesi, dawa ya presha, na nani alifunga lango. Tunyime viza sisi pia.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nahisi ndipo ulipoanza kutushuku. Fomu yako ina kisanduku cha "jina la ukoo". Sisi Warundi hatuna kitu hicho. Mtoto hapa haachiwi jina la baba kama koti. Anapewa la kwake, na mara nyingi Mungu yumo ndani. Katika nyumba moja unaweza kukuta baba ni Nzeyimana, namtumaini Mungu, binti ni Nduwimana, mimi ni wa Mungu, na mapacha ni Bukuru na Butoyi kwa sababu mapacha hawana ujanja, majina yao yalishapangwa kabla hawajazaliwa. Na mke akiolewa habadilishi lolote. Kwa hiyo karani wako anafungua jalada la familia ya watu watano anakuta majina matano yasiyofanana, anainua simu kuulizia genge la wasafirishaji wa watu. Nakushauri ununue karatasi, uandike kwa mkono, ubandike juu ya kioo: "Burundi: usitafute." Utaokoa miezi.

Anwani nayo. Uliandika kwamba anwani yetu "haijakamilika" kwa kuwa haina msimbo wa posta. Msimbo huo hauko, si wangu tu, wa nchi nzima. Tuliandika tunavyoelekezana: lango la bluu, mkono wa kulia baada ya muuza mkaa, ukimkosa muulize yeyote kwa baba yake nani. Mkwe wetu alifika kwa maelezo hayohayo, tena usiku.

Na cheti cha kuzaliwa kinasema amezaliwa jimbo la Mwaro, wewe ukasema Mwaro huioni kwenye ramani. Ukweli ni kwamba hata sisi hatuioni tena. Mwaka 2025 serikali iliyakunja majimbo 18 ikabakiza 5, na komini 119 zikawa 42. Mwaro imemezwa na Gitega. Binti amezaliwa mahali palipokuwepo, akaolewa, na kabla wewe hujafungua bahasha, mahali pakafutwa. Ukichelewa tena sijui nini kingine kitakuwa kimefutwa.

Kuhusu vidole. Ulitaka alama za vidole kumi, na ukasema mashine iko Kigali. Kwenye ramani yako Kigali ni jirani. Ni kweli, zamani mtu aliondoka Bujumbura alfajiri akala chakula cha mchana huko. Lakini tangu Januari 2024 nchi yetu imefunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Basi vidole vya binti yetu vilipanda basi hadi Kobero, vikaingia Tanzania kupitia Kabanga, vikazunguka Ngara, vikavuka daraja la Rusumo na kushuka Kigali. Nchi tatu kwa ajili ya vidole kumi. Vilipofika sauti ikasema havisomeki vizuri, vikaushwe. Mkwe wetu yeye alipokuja Burundi mara ya kwanza alishuka uwanja wa Melchior Ndadaye, akalipa, akagongewa muhuri, akatoka nje kutafuta teksi. Vidole vyake hatukuvihitaji. Tulikuwa tunataka kumwona anavyovitumia kwenye ugali.

Swali la 'fungate lilifanyika wapi, na kama halikufanyika eleza sababu' nilikataza lisijibiwe. Bibi harusi alikaa ndani siku zake mpaka alipotwikururwa, yaani kutolewa ndani, kama mila inavyotaka. Zaidi ya hapo mwulize mama yako.

Nimechunguza, usifikiri nakuonea wewe pekee. Nimeulizia kwa madirisha wenzako. London, Aprili 2024, walipandisha kipato cha mtu anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Yaani mapenzi ya muuguzi msaidizi yalikuwa ya kweli Jumatano, Alhamisi yakawa ya uongo. Denmark tangu 2002 wamesema viza ya namna hii iwasubiri wote wawili watimize miaka 24. Sheria yetu ya familia inamtaka mwanamke awe na 18 na mwanaume 21, na tulidhani sisi ndio wagumu. Washington Juni 2025 walituweka katika tangazo la nchi zilizosimamishiwa viza za kuhamia, kwa maelezo kwamba wageni wetu wanazidisha siku. Wageni wanaozidisha siku tunawajua. Tunao hata hapa nyumbani, wa upande wa mke wangu, lakini hatujawahi kuusimamisha ukoo mzima.

Wabelgiji sitawauliza. Wao walikaa hapa tangu 1916 hadi 1962, na baadhi yao waliishi na nyanya zetu bila fomu, bila picha, bila msemaji na bila bahasha. Watoto waliozaliwa walichukuliwa kutoka kwa mama zao, wengi wakapelekwa kulelewa na masista huko Save, Rwanda, na baadaye Ulaya, ili wasionekane. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wao Charles Michel alisimama bungeni akaomba radhi. Nilimsikiliza kwa heshima. Nikawaza tu: siku hizo, Mheshimiwa Dirisha, ulikuwa umefungwa kwa chakula cha mchana?

Nami nisijifanye malaika. Mwaka 2017 serikali yetu ilitoa amri kwamba watu wote wanaoishi pamoja bila cheti wafunge ndoa kabla ya Desemba kwisha. Komini zilijaa maharusi wenye watoto wanne, wengine wakiwa na wajukuu. Huku tunaamriwa kuwa na cheti haraka, kwako tukileta cheti unasema kimekuja haraka mno. Na sheria yetu ya uraia ya mwaka 2000 ni aibu yetu wenyewe: mgeni wa kike akiolewa na Mrundi anaweza kuwa Mrundi, lakini mgeni wa kiume akimwoa binti yetu hapati uraia kwa ndoa hiyo, na uraia wa mtoto unafuata baba. Dirisha hilo ni letu, lina ufa, na nimeligonga mara kadhaa bila kufunguliwa. Nakutajia kwa sababu sasa hivi ufa huo umenihusu.

Fomu yako, ukurasa wa tatu, iliuliza idadi ya watoto wa wanandoa. Tulijaza sifuri, na ilikuwa kweli. Mkwe wetu, kwa vile mke hakuruhusiwa kwenda, alitumia likizo yake yote kuja yeye, na Kinanira usiku ni kimya, umeme ukikatika watu hulala mapema. Majuzi daktari ametupa picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama ya pasipoti. Shangazi ameitazama akasema pua ni ya kwako huko.

Picha hii ni ya 21. Naomba uniandikie ni ipi kati ya zile 20 tuiondoe, ila si ya shangazi na viatu. Na uniambie pia kama kwa sifuri ile ya ukurasa wa tatu tujaze fomu mpya, au tusubiri umpe yeye miadi, maana vidole anavyo tayari, tumevihesabu, viko kumi.

Wako katika kazi hii,

Baba Mkubwa wa bibi harusi
Lango la bluu, baada ya muuza mkaa
Kinanira