Skrini Inayofuata Adhana

Mara ya kwanza nilidhani nimepepesa macho tu. Nilikuwa natafsiri mkataba wa kupangisha nyumba, nimefika kwenye kifungu cha nani atalipa maji. Nikainuka nikachukue chai, na jicho la pembeni likaona skrini imeingia giza. Moja, mbili, ikarudi. Mkataba upo, kifungu kipo, mlipa maji bado hajulikani.

Ugonjwa unaokaa una adabu zake: unakuja, unatibiwa, unapona au unakuua. Ugonjwa wa kuja na kwenda hauna adabu yoyote. Kompyuta iliyokufa unaizika ukanunua nyingine. Yangu ilikuwa inakufa sekunde mbili, mara tatu nne kwa siku, na kila nilipomwita mtu aje ashuhudie, naye akaja akasimama nyuma yangu mikono kiunoni, inatulia kama bi harusi.

Katika nyumba yetu ya Al Khoudh, hapa Maskati, hakuna tatizo linalokosa bingwa. Binamu yangu alisema ni draiva. Nikaweka mpya, ikazima. Akasema basi rudisha ya zamani. Nikarudisha, ikazima. Akasema basi imechoka, akaenda zake kucheza mpira.

Mama alisema ni umeme. "Hicho kiyoyozi kikianza kunguruma, hata moyo wangu unaruka, sembuse kompyuta." Hoja ilikuwa na uzito, nikaamua kufanya jaribio: nizime viyoyozi vyote nitazame. Ilikuwa Julai. Nchi hii ndiyo ambayo mji wake wa Qurayyat, Juni 2018, ulimaliza saa 24 nzima joto halijashuka chini ya digrii 42.6. Baada ya dakika arobaini familia yote ilikuwa imelala chali sakafuni, kila mtu ametafuta kigae chake cha baridi, na mimi nimegandamana na kiti kama bahasha na gundi. Lakini skrini haikuzima hata mara moja. Kesi imekwisha! Nikaenda kununua stabilaiza ya rial 18, nikaipachika, nikawasha viyoyozi, nikapigiwa makofi. Jioni ile ile skrini ikazima.

Ikabaki safari ya Ruwi, kwa fundi. Sanduku la kompyuta nililifunga kanga ya Bibi, nikalikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda, tukaenda zetu kwa barabara ya Sultan Qaboos kama watu wawili walionuniana. Fundi wangu ni Mhindi wa Kerala ambaye, kwa kuhudumia Wazanzibari miaka mingi, amejifunza Kiswahili cha kutosha kusema "hakuna shida". Aliketi juu ya stuli yake ya plastiki, akaliunga sanduku na skrini yake ya dukani, akalipima saa mbili. Halikuzima. Unamjua mtoto anayelia usiku kucha, na ukimfikisha kwa daktari anachezea stetoskopu? Ndiye huyo. "Hakuna shida," akasema fundi, na kwa kunithibitishia kwamba hakuna shida akanitoza rial nane.

Niliporudi nikafungua daftari. Mtu akishindwa na dawa huanza kuandika. Kila skrini ilipozima nikaandika saa. Jumatatu: saa 9:38, saa 1:00, saa 2:24. Jumanne: saa 9:37, saa 1:01, saa 2:23, na nyingine mbili tatu za hapa na pale. Nikaliacha mezani, Ami akapita kunywa kahawa, akalisoma huku anatafuna tende. Akaacha kutafuna.

"Hizi si saa," akasema. "Hii ni alasiri, hii magharibi, hii isha."

Tukatazamana.

"Kompyuta yako ina kitu ndani," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba yenyewe inasikia. "Kikisikia adhana kinakimbia. Na hizi mbili tatu za hapa na pale?"

"Hizo sijui, Ami."

"Hizo kinapumzika." Halafu akakiangalia kiti changu. "Na hiki umekitoa wapi?"

Nilijua swali hilo lingefika siku moja. Kiti nilikinunua kwa mtu aliyekuwa anahama: kizuri, cha ofisi, cha kupanda na kushuka, rial 12 tu. Mtu mwenyewe alikuwa wa Bahla. Bahla ina ngome ya udongo iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, lakini Mwomani ukimtajia Bahla haanzi na ngome. Anaanza na majini. Ami aliweka kikombe chini, akasema amekumbuka ana mgeni.

Usiku ule Mama alipitisha chetezo chumbani mwangu. Udi ulifuka mpaka sikuiona skrini kabisa, kwa hiyo sikuweza kujua kama inazima.

Aliyelifumbua fumbo ni Bibi. Bibi alifika Maskati kutoka Unguja katika miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kuwaita waliokuwa ng'ambo warudi, na tangu hapo hajawahi kuigusa kompyuta. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Alikuwa kwenye kochi nyuma yangu, sinia la mchele mapajani, anatoa chuya moja moja.

"Mume wangu," akaniita, "hebu inuka."

Nikainuka. Skrini ikazima.

"Kaa."

Nikakaa. Ikabaki inawaka.

"Inuka tena." Hakuinua macho kwenye mchele. "Mbona hiyo ikizima ni pale unaponyanyua makalio? Wiki nzima nakutazama."

Nikainuka na kukaa mara ishirini. Ikazima saba. Mama akaingia akanikuta napanda na kushuka peke yangu huku nahesabu, akageuka kimya kimya kwenda kufuata chetezo.

Ndiyo siri ya daftari. Adhana ikilia, mimi ndiye niliyekuwa nainuka. Zile za hapa na pale zilikuwa chai. Siku ya joto hakuna aliyeinuka, na fundi wa Ruwi alikaa stuli ya plastiki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikaribia sana.

Nilipochimba nikakuta jambo lenyewe linajulikana. Kiti cha aina hii kina bomba la gesi ndani ya nguzo yake. Ukikaa au ukiinuka, chaji iliyojikusanya katika vyuma na kitambaa inaruka kwa cheche isiyoonekana, inatupa wimbi hewani, na waya wa skrini wa bei rahisi, usio na ngao, unalidaka kama antena. Skrini inapoteza mpangilio, inazima, inajipanga, inawaka. Wahandisi wameshaandika juu ya viti hivi, na kampuni ya DisplayLink imewaeleza wateja wake wazi. Hewa kavu ya kiyoyozi huisaidia chaji kujikusanya, unyevu huipunguza. Kwa hiyo Mama alikuwa na nusu ya haki, na ameshatukumbusha mara kumi na moja.

Nikanunua waya mfupi wenye ngao, rial mbili na nusu, nikausogeza mbali na kiti. Wiki ya tatu sasa, skrini haijapepesa. Nikakaa na Bibi kumweleza, maana ushindi ni wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama juu ya sinia.

"Kwa hiyo," akasema, "kitu kisichoonekana kinatoka kwenye kiti cha Bahla, kinaruka hewani, kinaingia katika waya, kinazima taa, kisha kinaondoka bila kuacha alama."

"Ndiyo, Bibi."

"Na haya umeyapata kwa kusoma."

"Ndiyo, Bibi."

Akaokota chuya, akaitupa.

"Sisi tusiosoma tunalo jina lake, mume wangu. Tena fupi."