Matundu Saba na Doti Moja ya Leso

Kazi ya umeme ya pedali ya gita iliisha usiku mmoja, baada ya isha. Mume wangu alichoma solda kwenye meza ya kulia, akaunga betri, akapiga gita, na zile waya zilizotapakaa kati ya bakuli la pilipili na chupa ya chai zikatoa sauti ya kukwaruza aliyokuwa akiitafuta. Lau zingebaki hapo mezani, nyumba yetu ingekuwa na amani. Lakini pedali hukanyagwa, na kitu cha kukanyagwa hutaka boksi, tena la chuma, kwani plastiki haizuii ule mngurumo wa stima usiingie kwenye spika. Akatafuta boksi la alumini la mafundi wa umeme, zito na zuri. Lililobaki ni kulitoboa.

Niseme kwanza sauti yenyewe ni ya nini. Mume wangu amelelewa na taarabu ya Mombasa, ile ya Zuhura Swaleh, ambamo taishokoto hulia kwa ukali juu ya ngoma za chakacha. Ala hiyo ya nyuzi na vitufe ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikaja kupata kwao kwa pili katika harusi zetu, hasa ilipotiwa umeme. Yeye hana taishokoto. Ana gita, na ana imani kwamba pedali itamfikisha huko.

Basi, matundu. Boksi dogo la namna hii lataka saba, na vipimo vyake havilingani: vifundo viwili vya kuzungusha vyataka milimita 7 kila kimoja, soketi mbili za gita 9.5, swichi ya kukanyagia 12, soketi ya umeme 12, na kitaa 5. Ukizidisha, kifundo kinacheza, ukipunguza, hakiingii. Mume wangu alikuwa na drili mpya aliyoisifu mtaa mzima, na biti zilizokuja nayo ndani ya kasha hakuziuliza kitu. Mimi naona watu wengi hununua drili kwa mtindo huo. Wanalipia mota, na mota haikati chochote. Kinachokula chuma ni biti.

Na mojawapo ya biti zile ilikuwa imemdanganya kwa wema. Nyumba yetu ya Kibokoni ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na mwezi uliopita alizitoboa nayo bila ya jasho, tukatundika pazia la sebuleni. Hakujua kwamba biti ile ni ya ukuta, yenye kipande bapa cha kabidi kichwani, na kazi yake ni kuponda, si kukata. Alipoiweka juu ya alumini, ilipiga ukelele, ikatelezea huku na huku ikichora mistari, ikapata moto, na palipokusudiwa tundu pakabaki doa linalong'aa. Ilikuwa alasiri. Mzee wa ghorofa ya juu alifungua dirisha.

"Jamani, wenye nyumba! Mwachinja nini humo?"

"Kunradhi, mzee," nikajibu mimi, maana mwenye drili alikuwa amejificha nyuma ya mlango.

Akaamua ajizoeze kwanza kwenye kitu chepesi. Kitu chepesi kilichopatikana karibu ni kopo la biskuti la mavyaa wangu, ambalo halijaona biskuti miaka mingi. Ndimo anamoweka nyuzi na sindano za kushonea kofia. Akamwaga vitu vya mamake juu ya kitanda, akalishika kopo kwa mkono, akatumia biti nyembamba ya chuma. Bati jembamba lina hila yake: ncha ya biti hutokeza upande wa pili kabla kingo zake hazijakaa ndani ya tundu, na hapo hakuna kinachoishikilia. Inayumba, inauma bati, na bati linazunguka nayo. Kopo likamtoka mkononi, likazunguka kama pangaboi, likamchana kidole, likaruka hadi chini ya kochi. Tundu lilikuwa na pembe tatu.

Mavyaa hakupiga kelele. Aliliokota kopo, akalitazama, akamtazama mwanawe.

"Weye mjukuu wa seremala wa vyombo," akasema. "Babangu akitoboa mbao kwa keekee na uta wake pale Bandari ya Kale, ubao umelala, umebanwa kwa mguu. Hata mimi kofia siitobolei hewani."

Na kweli, vile vitundu vya kofia yeye huvianza kwa ncha nyembamba, kisha huvipanua polepole, ndipo azungushe uzi. Mume wangu akaitikia "Ndiyo, mama," kisha akachukua sehemu moja tu ya somo: kubana. Akalivingirisha boksi la alumini kwa leso ili lisiteleze.

Leso yangu. Nyekundu na nyeusi, mpya, sijaikata pindo. Biti ilipita kwenye alumini kidogo, ikakutana na kitambaa, na kwa kufumba na kufumbua leso yote ilikuwa imejisokota kwenye drili hadi mota ikakwama na kutoa moshi.

"Si kimebaki kipande kimoja kizima?" akaniuliza.

Leso huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Mwanamume aliyezaliwa hatua chache kutoka Mtaa wa Biashara, kwa wauza leso, aniulize swali hilo! Sikumjibu. Nilichukua karatasi yake ya vipimo, na nilipokuwa nikienda Marikiti nikapitia maduka ya vyuma upande wa Mwembe Tayari.

Mwenye duka aliisoma karatasi mara moja tu. "Hii kazi ya biti ya ngazi, mama," akasema, akanitolea koni fupi iliyokatwa madaraja, kila daraja limeandikwa kipimo chake. Zilikuwepo za aina mbili. Kubwa yaanzia milimita 4 hadi 20, ya kuvutia macho, lakini yapanda mbili mbili: 4, 6, 8. Saba hakuna. Ndogo yaishia 12 na hupanda moja moja. Nikachukua ndogo. Nikaongeza biti ya milimita 3 iliyochorwa HSS shingoni, na tupa ya mviringo ya kulainisha kingo na kuongeza ile nusu ya 9.5.

Kazi ikafanyika uani, mavyaa amekaa juu ya kibao cha mbuzi akisimamia. Boksi likabanwa kwenye jiriwa ya kuazima, kipande cha mbao chini yake. Kila alama iligongwa kwanza kwa msumari wa chuma ili biti ipate pa kutulia. Tundu la 3, kisha ngazi, mwendo wa taratibu, tone la mafuta taa kila mara, kwani alumini ikipata moto hunata kwenye meno ya biti. Ikakatika kwa nyuzi ndefu zilizojisokota, na matundu yakatoka duara kamili. Chenga zake, lakini! Tulizikuta kwenye mkeka, kwenye nywele za mtoto, na moja ndani ya mbaazi.

Pedali inafanya kazi. Ila vipimo vya soketi vilichukuliwa kwa ndani na kuhamishiwa nje bila ya kuigeuza karatasi, kwa hivyo gita, ambalo kwa desturi huingia kulia, kwake huingia kushoto. Anasema ni mtindo wake. Kuhusu taishokoto, naisikia kwa mbali, tena nikitaka kumfurahisha.

Doti mpya nimeletewa, na rangi niliichagua mwenyewe. Juzi namkuta mavyaa amepitisha uzi kwenye lile tundu la pembe tatu. Kibonge kimekaa ndani ya kopo, uzi wavutika nje bila ya kujifunga. Akamwita mwanawe.

"Hili lakata uzi. Lipige tupa. Kisha nitobolee na jengine hapa, dogo, la milimita tatu. Na hilo kopo libane!"