Cheti cha Ukutani

Mke wangu aliingia sebuleni ameinua simu juu kama mtu aliyeokota noti barabarani. "Baba Zuhura, shukuru Mungu. Saidi amepata kazi serikalini."

Alichopata Saidi ni tangazo. Hilo nililijua baadaye kidogo, baada ya kuvaa miwani.

Saidi ni shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao. Alifika kwetu Morogoro kulala siku mbili akiwa njiani kwenda Kilosa, na siku yake ya pili ilikuwa imeingia mwaka wa nne. Kochi refu ni lake. Rimoti ni yake. Mchana huendesha daladala ya mtu, zile siku ambazo yeye na mwenye gari wanasalimiana. Sina kinyongo naye: ni mcheshi, anaosha vyombo bila kuambiwa, na chapati zake zinachambuka. Lakini ukiniletea tangazo la kazi la halmashauri iliyo mbali na Morogoro, na mimi nitashukuru Mungu.

Binti yetu Zuhura ndiye aliyelisoma kwa sauti. Ilikuwa Februari 2024. Dereva Daraja la II. Awe na cheti cha kidato cha nne. Awe na leseni daraja la E au C ambayo ameifanyia kazi si chini ya mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Mshahara TGS B. Majukumu: kukagua gari kabla na baada ya safari, kujaza daftari la safari, kufanya usafi wa gari.

"Usafi wa gari anauweza," mke wangu alisema.

"Hebu rudia pale kwenye ajali," nikasema mimi.

Kukawa kimya. Dirisha la sebuleni likiwa wazi, geti letu linaonekana lote. Bawa la kushoto limepinda kuingia ndani tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, siku shemeji aliporudisha gari langu kinyumenyume huku anapokea simu. Tangu siku hiyo tunalifunga kwa waya, na kila asubuhi naufungua ule waya kwa koleo.

"Ile si ajali, shemeji," alisema. "Ajali ni barabarani. Ile ilikuwa ndani ya ua."

"Na geti lenyewe lilikuwa limeachwa nusu," dada yake akaongeza. "Lilijigonga."

Zuhura aliuliza kama trafiki alikuja kupima. Hakuja. Basi ikapitishwa kwamba shemeji hajasababisha ajali. Nilitaka kuuliza nani atamlipa fundi wa kuchomelea, nikanyamaza, nisije nikaambiwa nimemkatia mtu riziki.

Kipengele cha umri kilituharibia jioni. Mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa walio tayari kazini serikalini. Shemeji akasema yeye ana 38, hicho hakimhusu, twende mbele. Alisema hivyo kwa sababu kwenye ncha ya pili ya kochi alikaa mchumba wake, dada mpole mwenye duka la vitenge, aliyekuja kutusalimia. Sasa, kujisajili kwenye mfumo wa maombi wa mtandaoni kunataka namba ya NIDA. Zuhura akachukua kitambulisho cha mjomba wake, akaanza kuiandika namba, tarakimu 20, akizitaja moja moja. Asiyejua na ajue: tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa.

"Moja, tisa, saba, tisa, sifuri, nne…" Akainua kichwa. "Mjomba, si umesema 38?"

Yule dada anapiga hesabu kutwa dukani kwake, hakuhitaji kikokotoo. Alimaliza chai yake, akaaga kwa adabu zote, akasema atapiga simu.

Kwa hiyo shemeji alikuwa na miaka 44 na miezi kumi. Tulibishana hadi saa tano usiku: aliyetimiza 45 kamili amezidi, au hajazidi? Mimi nilishikilia kwamba hajazidi mpaka afike 46. Mke wangu akasema hajui Kiswahili cha matangazo, anachojua ni kwamba tangazo jingine linaweza kutoka mwakani na mdogo wake atakuwa mzee. Siku zilikuwa 14. Kesho yake asubuhi ikatoka bahasha ya kaki chini ya mto wa kochi.

Ndani yake mlikuwa na leseni, cheti cha VETA chenye duara la kikombe cha chai, cheti cha kuzaliwa, na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne ya 1998, imepauka mpaka alama zinasomeka kwa kukisia. Zuhura aliitazama ile karatasi kama daktari anavyotazama picha ya mbavu. Tangazo limeandika kwa herufi kubwa kwamba hati za matokeo na barua za shule hazitakubaliwa. Ni cheti chenyewe.

"Cheti chenyewe kiko wapi?"

"Kipo," alisema shemeji. "Kipo ukutani."

Ukuta huo uko Muheza, kwa mama mkwe. Cheti cha Saidi kimekaa kwenye fremu, nyuma ya kioo, kati ya picha ya Kaaba na kalenda ya 2006. Mgeni akiingia, kabla hajapewa maji, anaonyeshwa. Fremu aliitengeneza marehemu baba mkwe mwenyewe, na ubao wa nyuma akaukandamiza kwa misumari kumi na miwili midogo, maana alikuwa mtu asiyependa vitu vilegee.

Mke wangu alipiga simu, akaweka spika.

"Mama, tunakiomba kile cheti cha Saidi."

"Kiende wapi?"

"Kije huku. Anaomba kazi serikalini."

"Waje wakione hapahapa. Mimi sitoki."

Ilibidi niingie kati. Nilimweleza kwa heshima kwamba hakuna mtu anayekuja. Kuna chombo kinachoitwa Sekretarieti ya Ajira, kimewekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, na kazi yake ndiyo hiyo; mtu anaomba kwa mtandao, akikidhi vigezo anaitwa kwenye usaili. Akauliza, huyo wa kupelekewa jogoo ni nani? Nikasema hakuna jogoo, mama. Barua inaandikwa kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma, basi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mkwe wangu. Lakini huyo Katibu si ana mke?"

Alikubali siku ya nne, kwa sharti moja: kisitolewe kwenye fremu. Misumari ile aliipiga baba yenu kwa mkono wake, asiing'oe mtu. Kikaja kwa basi, kimeviringishwa kwenye kanga mbili na kipande cha godoro, nikakipokea Msamvu saa mbili usiku na kukipakata mpaka nyumbani. Tulipokifunua, kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Tulikubaliana wote wanne, Zuhura akiwemo, kwamba Muheza hawatajua.

Jaribu kutoa kopi ya kitu kilicho nyuma ya kioo. Kijana wa steshenari alikilaza juu ya mashine, mwanga ukapita, ikatoka karatasi yenye jua jeupe katikati na masomo mawili pembeni. Akasema, mzee, toa kwenye fremu. Nikamwambia kuna wosia. Mara ya pili tulikiinamisha. Mara ya tatu nilivua koti nikaifunika mashine yote, watu kwenye foleni wakadhani tunafukiza nyungu, na hapo kikatoka vizuri, ila ule ufa umepita juu ya Historia, ambayo hata hivyo shemeji alipata D.

Nakala zinatakiwa zithibitishwe na wakili. Wakili naye anataka aone cheti halisi, ndiyo kazi yake. Tukaibeba fremu hadi mezani kwake. Hakuuliza kitu, nadhani ofisi yake imeona mengi. Aligonga muhuri kwenye cheti cha kuzaliwa, akagonga cha VETA, akaunyanyua kwa cha tatu, muhuri ukabaki hewani.

"Huyu Said ni nani?"

"Ni huyu hapa," nikasema.

"Huyu hapa ni Saidi. Kwenye cheti cha kuzaliwa Saidi, leseni Saidi, NIDA Saidi. Hapa kwenye kidato cha nne ni Said."

Tuliinama wote watatu juu ya kioo. Kweli. S, A, I, D, kisha jina la baba. Miaka zaidi ya 20 cheti kimesomwa na majirani, mashehe, wachumba na mgombea udiwani mmoja, na hakuna aliyeona kwamba i imekosekana. Na kwa nini waone? Kwetu jina ni sauti. Ukiita Saidi uani, anaitika. Hakuna aliyewahi kuitika kwa herufi. Mwalimu aliyejaza fomu za mtihani mwaka ule alisikia alivyosikia, akaandika alivyozoea.

Mke wangu alipompigia mama yake kumweleza, tulitegemea atalaani. Mama mkwe hasomi maandishi ya shule lakini anasoma msahafu vizuri sana. Akafikiri kidogo. "Mbona chuoni kwa maalimu tulimwandika bila i? Sini, ayni, ye, dali. Kilichokosewa si cheti. Kosa liko kwenye hivyo vingine."

Hoja nzito, lakini mfumo hauna sehemu ya kuiandika.

Wakili akatuandalia kiapo kwamba Said na Saidi ni mtu mmoja. Tukalipa, tukarudi nyumbani tunatembea kama washindi. Zuhura akakisoma, akalifungua tena tangazo, akatugeuzia kompyuta bila kusema neno. Wenye majina yanayotofautiana wanatakiwa kuwa na hati ya kubadili jina, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha wakili peke yake hakitoshi. Mimi nimesahihisha mitihani ya darasa la saba miaka 19, na siku zote nawaambia watoto wasome swali mpaka mwisho. Nilikwenda kukaa nje kidogo, karibu na geti.

Pesa ya hati ile, pamoja na nauli za kwenda na kurudi ofisi ya ardhi, ilitoka kwenye bahasha niliyoiandikia "fundi wa kuchomelea".

Barua sitaieleza sana. Ya kwanza ilianza kwa kumwuliza Katibu hali yake na ya familia. Ya pili ilikuwa nzuri, tukaipandisha, ndipo Zuhura akagundua haina saini, nasi tukarudi steshenari, ambako sasa naitwa Mzee wa Koti. Wadhamini watatu: mimi, imamu wa mtaa, na mwenye daladala, ambaye ilibidi shemeji akapatane naye kwanza. Usiku wa mwisho faili la cheti lilikataliwa kwa uzito, Zuhura akaanza kulipunguza, na alipopata kipimo bando likaisha, kwa kuwa mwombaji mwenyewe alikuwa chumbani kwetu anatazama mpira kwa simu ya dada yake. Maombi yaliingia saa nne na dakika arobaini kwa bando la simu yangu. Shemeji alitoka kuuliza kama yameingia na kama kuna chakula kimebaki.

Mwezi mmoja na nusu baadaye orodha ya walioitwa kwenye usaili ikatoka. Zuhura alitafuta "Saidi" akiwa amefumba jicho moja. Ilikuwepo, na i yake.

Usaili wa madereva ni wa hatua tatu: mchujo wa kuandika, vitendo, kisha mahojiano. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Namba ya mtihani unainakili kwenye akaunti yako kabla ya kwenda, na unakwenda na kitambulisho pamoja na vyeti halisi. Vyeti halisi, hapo tukatazamana. Mke wangu alikopa kwenye kikoba chake, na shemeji akapanda basi la Dodoma amebeba begi dogo mgongoni na fremu mapajani, imefunikwa kanga ya mama yake.

Alitusimulia aliporudi. Kwenye meza ya uhakiki yule aliyekuwa akikagua vyeti alikitazama cheti, akatazama fremu, akaigeuza akahesabu misumari, akamwuliza kama amekuja na wa kutundikia pia. Mchujo alipita. Kwenye vitendo aliambiwa arudi kinyumenyume kati ya nguzo mbili, naye akaweka simu kwenye soksi, akafikiria geti letu, akaingia bila kugusa. Mahojiano anasema alijibu yote ila moja.

Majina ya waliopangiwa vituo yalipotoka hakuwemo. Zuhura akafungua akaunti ya mjomba wake: amefaulu, ila nafasi zimechukuliwa na waliomzidi alama, na jina lake limehifadhiwa kwenye kanzidata mpaka nafasi nyingine ipatikane. Mke wangu alipika pilau hata hivyo.

Fremu tuliirudisha Muheza wenyewe, na kioo kipya. Mama mkwe aliikagua kwa vidole, msumari mmoja mmoja, akaitundika, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka. Ndipo akauliza habari za kazi.

"Amefaulu, mama," nikamwambia. "Sasa yuko kwenye kanzidata."

Akakaa kitako, akajifunga kanga vizuri. "Alhamdulillahi. Kanzidata ndiyo upande gani huo, mkwe? Na nauli yake toka hapa inafika shilingi ngapi?"